Eksrei haijastaafu

Tangu mwaka 2024, Demis Hassabis na John Jumper walipopewa nusu ya Nobel ya Kemia kwa AlphaFold, programu ya kompyuta inayotabiri umbo la protini (nusu ya pili ilikwenda kwa David Baker), limezuka neno kwamba wanaogandisha protini kuwa fuwele na kuzipiga eksrei ili kujua umbo lake wafunge virago. Kompyuta inatabiri umbo hilo muda si muda. Ya nini kuhangaika na fuwele?

Hoja hii si ya kubeza. Mwanasayansi Max Perutz alianza kuipiga eksrei hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, mwaka 1937, na umbo lake la kwanza, tena lenye ukungu, likaonekana mwaka 1959. Miaka 22 kwa protini moja! Zipo protini zinazogoma kabisa kuganda kuwa fuwele, hasa zile za kwenye utando wa seli. AlphaFold, kufikia 2022, ilikuwa na maumbo zaidi ya milioni 200, na mwanafunzi mwenye intaneti tu huyafungua bure.

Sawa, lakini ilisomea wapi? Kwenye hazina ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7. Saba tu. AlphaFold ilipokuwa ikifundishwa, yalikuwa yamefika kama 170,000, na sehemu kubwa yalitokana na difraksheni: eksrei hupenya fuwele, mawimbi yake hutawanywa na atomu, mengine yanaongezana nguvu na mengine yanafutana, na madoa yanayobaki ndiyo yanayokokotolewa hadi ijulikane kila atomu imekaa wapi. Mtu alizilea fuwele hizo, nyingine kwa miaka. Hizo milioni 200 zimepikwa kwa unga wa hayo 170,000, halafu tunaambiwa shamba halina kazi tena.

Na lipo jambo ambalo sisi wa ukanda wa malaria tulipaswa kuwa wa kwanza kuliona. Kimelea cha malaria kikila hemoglobini ndani ya chembe nyekundu ya damu, hubakiwa na hemu, kipande chake chenye chuma, ambacho ni sumu kwa kimelea chenyewe. Hujiokoa kwa kuigandisha kuwa fuwele za kahawia ziitwazo hemozoini. Dawa ya malaria, klorokwini, kwa jinsi inavyoeleweka, huvuruga ugandishaji huo. Katika miaka ya 1990 wengi waliichukulia hemozoini kuwa mnyororo mrefu wa hemu, hata kikapendekezwa kimeng'enya cha kuuunga. Mwaka 2000 Silvina Pagola na wenzake wakapiga eksrei unga wa hemozoini iliyotengenezwa maabara, maana fuwele zake ni ndogo mno. Mnyororo haukuwapo. Hemu zilikuwa zimeshikana mbilimbili, chuma cha moja kikifungwa na kundi la atomu liitwalo kaboksili la mwenzake, na jozi hizo zikaunganishwa kwa vifungo vya haidrojeni.

Hemozoini si protini. Programu iliyofunzwa maumbo ya protini isingesaidia kitu hapo.

Wenye eksrei wenyewe, kwa kweli, hawana ugomvi na AlphaFold. Madoa hueleza nguvu ya mawimbi ila hayasemi kilele cha wimbi lipi kilitangulia cha lipi, na hapo ndipo utabiri wa kompyuta unapowapa pa kuanzia. Utabiri ukikosea, madoa huuumbua. Wanaopiga kelele za virago ni watazamaji.

Kinachonitia wasiwasi ni kelele hizo kufika kwa wanaogawa bajeti. Afrika haina hata sinkrotroni moja, mtambo unaotoa eksrei kali za kazi hii. Jordan ilizindua sinkrotroni yake, SESAME, mwaka 2017, kwa ushirikiano wa nchi zikiwemo zisizopatana. Mtafiti wa Nairobi au Dar es Salaam mwenye fuwele mkononi bado huzipeleka kwenye sinkrotroni za Grenoble, Ufaransa, au Oxfordshire, Uingereza, akasubiri zamu yake.