Tunachanga mtu akishaanguka

Ninaishi Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, na ni muuguzi kwenye wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Kwetu ni Hai, mkoani Kilimanjaro. Kuna jambo linaniuma na nimeona niliseme waziwazi, hasa kwa sisi tulioko ughaibuni. Kwenye ukoo wetu mtu akianguka kwa presha, mchango unapatikana ndani ya saa chache. Kabla hajaanguka hakuna anayetoa shilingi, na hakuna hata anayeuliza presha yake ni ngapi.

Wagonjwa ninaowahudumia hapa wengi wamepita miaka 70. Wa umri mdogo wapo, lakini vitanda vingi ni vya wazee wenye wajukuu. Nyumbani, watu ninaowajua waliopata kiharusi walikuwa bado wanasomesha. Baba yangu mdogo alikuwa fundi ujenzi. Aliamka asubuhi mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda upande, anataka kusema na maneno hayatoki. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Orodha ya mchango kwenye kundi la ukoo ilijaa kabla jua halijazama: jina, kiasi, tiki. Tukalipa gari la kumpeleka Moshi, kipimo cha CT, kitanda, baadaye kijana wa kumgeuza na kumwogesha. Miaka imepita, ule mkono haujarudi, na ada za wanawe zimegawanywa kwa mashangazi na wajomba. Presha yake ilikuwa inajulikana zamani. Alipimwa, akapewa dawa za mwezi mmoja, zikaisha, mambo yakaishia hapo.

Na si ukoo wetu peke yake. Miaka ya 1990 Wizara ya Afya ya Tanzania na Chuo Kikuu cha Newcastle, mji huu huu ninaoishi, waliendesha utafiti Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Walipita nyumba kwa nyumba, wakaulizia vifo, wakakaa na ndugu wa marehemu na kusikiliza dalili moja moja. Matokeo ya kiharusi yalitoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2000. Kwa watu wa miaka 15 hadi 64, wanaume wa Hai walikuwa wanakufa kwa kiharusi kwa kiwango cha 44 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. England na Wales kiwango cha wanaume wa umri huo kilikuwa karibu 11. Wanawake wa Dar es Salaam walifikia 88, wakati wenzao wa England na Wales hawakufika hata 9. Watafiti waliona sababu inayoelekea zaidi ni presha isiyotibiwa. Niliposoma takwimu zile niliwaona wazazi wangu na majirani zao, maana ndio waliohojiwa.

Tangu siku hizo Shirika la Afya Duniani limeendelea kutuambia jambo hilo hilo kwa upana zaidi. Magonjwa yasiyoambukiza, yaani ya moyo, kiharusi, kisukari, saratani na ya mapafu, yanachukua karibu robo tatu ya vifo vyote duniani. Kati ya wanaokufa kwa magonjwa hayo kabla ya kufika miaka 70, zaidi ya wanane katika kila kumi wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo anayeyaita magonjwa ya matajiri hajatembea vijijini kwetu.

Nikienda likizo huulizwa Wazungu wanakula nini hata wafike miaka 85. Jamani, hawatuzidi kwa chakula. Huku chipsi, soseji na bia ni vya kila siku, na watu wengi ni wanene kuliko kwetu. Sisi Waafrika tulioko huku nasi tunaugua presha kuliko wenyeji, kiasi kwamba mwongozo wa tiba wa Uingereza unamtaja mtu mwenye asili ya Afrika au Karibiani kwa jina na kuelekeza aanzishiwe dawa za presha za kundi la amlodipine. Tulipanda ndege na presha zetu. Ila tulipofika tukakuta mtu ambaye kazi yake ni kututafuta.

Jambo hili ndilo ninalotaka lieleweke nyumbani. England kila mtu ameandikishwa kwa daktari wa mtaa wake. Ukiwa na miaka 40 hadi 74 na hujulikani kuwa na ugonjwa wa aina hii, unaitwa kupimwa bure kila baada ya miaka 5: presha, lehemu (mafuta kwenye damu), uzito, na maswali ya sigara na pombe. Tangu mwaka 2021 mwenye miaka 40 na zaidi anaweza pia kupimwa presha famasi bila kulipa. Ukikutwa nayo, jina lako linaingia kwenye rejesta, na tangu mwaka 2004 sehemu ya mapato ya kliniki ile inategemea idadi ya wagonjwa ambao presha yao imeshuka hadi kiwango kinachotakiwa. Hapo ndipo penye nguvu. Usipotokea, kliniki inapungukiwa, kwa hiyo dada wa mapokezi anakupigia. Usipopokea, unaletewa ujumbe kwenye simu. Ukiupuuza, unakuja mwingine. Wenzangu wa kutoka Afrika hukasirika, wanaona wanafuatwafuatwa. Mimi nikiuona ujumbe ule namkumbuka baba mdogo.

Sisemi huku ni peponi. Kumpata daktari ni vita: saa mbili asubuhi mnapiga simu mtaa mzima kwa pamoja. Ambaye hajafika miaka 60 England hulipia dawa, pauni 9.90 kwa kila aina moja, labda awe kwenye kundi lililosamehewa, kama wagonjwa wa kisukari wanaotumia dawa. Na watu wetu wanaofanya kazi za usiku wengi wanakula na kulala vibaya mno. Lakini kutafutwa, tunatafutwa.

Na kwenye chumvi, ambayo ikizidi hupandisha presha, serikali iliwabana wenye viwanda, maana chumvi nyingi ya huku imejificha kwenye mikate na vyakula vya pakiti. Kati ya mwaka 2001 na 2011 wastani wa chumvi anayokula mtu mzima kwa siku ulishuka kutoka gramu 9.5 hadi 8.1, na wengi wala hawakugundua mkate umebadilika. Shirika la Afya Duniani linataka iwe chini ya gramu 5, kwa hiyo safari bado ni ndefu. Afrika Kusini iliweka viwango vya chumvi kwa sheria, vikaanza kutumika mwaka 2016. Kwetu mambo ni tofauti kidogo kwa sababu chumvi nyingi tunaitia wenyewe, jikoni na mezani kabla hata hatujaonja, ingawa viungo vya pakiti navyo vinaingia kwa kasi.

Likizo iliyopita nilikwenda Masama kumsalimia mama mkubwa. Baada ya shikamoo na marahaba, chai ikaletwa, nikamwomba anioneshe dawa zake. Akaingia ndani akatoka na kopo la zamani la mafuta ya kupikia. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki iliyochanika kwenye mkunjo, daftari dogo la namba za presha zilizoandikwa kwa kalamu tofauti tofauti, na karatasi za amlodipine ya miligramu 5 ambazo vidonge vyake vimekwisha. Moja aliitunza makusudi, ili akienda duka la dawa muhimu muuzaji aitazame na kumpa inayofanana.

Nikamuuliza, "Mama mkubwa, unameza kila siku?"

"Nikisikia kichwa kizito nameza. Kikitulia naacha. Dawa kali hizi, mwanangu, mwili usije ukazizoea."

Nikatazama lile daftari. Namba ya mwisho ilikuwa 190 kwa 110, presha ya juu mno, na tarehe yake ilikuwa ya miezi mingi nyuma. Siku hiyo kichwa hakikumuuma. Presha mara nyingi haiumi. Inaharibu mishipa, moyo na figo kimya kimya, na anayengoja kichwa kimwambie atangoja mpaka siku ya kuanguka. Hakuna aliyewahi kumkalisha mama mkubwa akamweleza hivyo. Malaria unameza dawa, unapona, unaacha, na yeye amelea watoto wote kwa utaratibu huo. Kufika kliniki ni bodaboda hadi barabara ya lami, halafu daladala hadi mjini Boma Ng'ombe, halafu foleni. Kuna dirisha la wazee, anatibiwa bure, lakini mara kadhaa ameambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Akijumlisha nauli na dawa, anaamua mwezi huu mbegu za mahindi kwanza. Mimi siwezi kumlaumu.

Kwenye kisukari ni hivyo hivyo. Huku mgonjwa anapimwa miguu kila mwaka: nesi anagusa nyayo kwa uzi mwembamba wa plastiki aone kama bado anahisi. Dakika chache tu, na mguu unaweza kuokoka. Wanaofikiri mambo haya hayajulikani kwetu wamjue Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye kwa miaka mingi ameshughulikia miguu ya wagonjwa wa kisukari na kushiriki mradi wa kufundisha madaktari na wauguzi kuitunza. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa wa Tanzania waliong'atwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Mishipa ya fahamu imekufa, mtu hasikii, anaamka anakuta kidonda. Ushauri kwa mgonjwa kama huyo ni mwepesi: akague nyayo zake kila jioni, au mtoto amkagulie, avae viatu hata ndani ya nyumba. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kabla ya kidonda.

Nikisema hivi, najibiwa kwamba Uingereza wana hela, sisi hatuna. Hela ni tatizo la kweli. Lakini Tanzania imekwisha kuifanya kazi hii kwa ugonjwa mmoja. Tangu mwaka 2004 zilipoanza kliniki za tiba na matunzo, zile tunazoziita CTC, nchi imejifunza kumtunza mtu mwenye maambukizi ya VVU maisha yake yote. Ana namba yake, kadi yake na tarehe ya kurudi. Aliyetulia anapewa dawa za miezi mitatu au sita asipoteze siku kwenye foleni. Asipofika anapigiwa simu, na wapo WAVIU washauri, watu wanaoishi na maambukizi wao wenyewe, wanaomfuata hadi nyumbani. Zaidi ya watu milioni moja wanameza dawa kila siku kwa utaratibu huo, wengi wao vijijini. Fedha nyingi zilitoka kwa wafadhili, hasa Marekani, na mtikisiko wa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada, umetuonesha hatari ya kuwategemea. Ila manesi ni wetu, na ujuzi wa kumtafuta aliyepotea ni wetu.

Sasa mtazame mama mkubwa. Hana namba, na akipotea mwaka mzima hakuna rejesta inayouliza yuko wapi. Kwenye kituo kimoja wa VVU anatafutwa na wa presha anangojwa, wakati dawa za presha kama amlodipine ni miongoni mwa dawa rahisi kutengeneza na hazina tena hataza, yaani haki ya kiwanda kimoja tu kuzitengeneza. Hili ndilo ninaloona lingebadilika kwanza, kabla ya mashine yoyote kubwa. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mimi nitaipima kwa jambo moja: je, vidonge vya kila mwezi vinapatikana zahanati iliyo karibu na mtu, au bima itaanza kumjua akishapooza?

Nimechoka pia na mahubiri ya "jitunzeni, fanyeni mazoezi". Mama anayepanda mlima kutoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, ukimwambia afanye mazoezi unamkosea heshima. Ndugu zetu wa mjini, wanaochukua bodaboda hadi dukani na kumkaribisha kila mgeni kwa soda, hao ndio wa kuambiwa, tena kwa upole.

Kwetu tulioko nje nina maneno makali kidogo. Tunapenda kupeleka mashine za presha kama zawadi. Nimeziona kabatini, betri zimeisha. Tena nyingi zina mkanda mdogo, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa kuliko ilivyo, watu wanataharuki bure. Ukipeleka, peleka mkanda wa kutosha na betri za akiba, na mfundishe mtoto mmoja wa nyumba ile: mzee apumzike dakika tano, akae ameegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, apime mara mbili, aandike.

Kwenye kikao cha ukoo cha mtandaoni nimeomba tufungue daftari la pili, tofauti na la misiba na hospitali, na mjomba anayetunza hazina amekubali. Tutaandika kila aliyepita miaka 40, presha yake, anameza nini, zinaisha lini. Kila mwezi fedha za dawa zitatumwa moja kwa moja kwa binamu yetu mwenye bodaboda, naye ndiye atakayewapeleka kupima, mafuta tunalipa sisi. Wapo waliokataa kuandikwa, wakisema kuandika ugonjwa wa mtu ni kumwitia. Kama ukoo wenu mmeshajaribu jambo la namna hii, nielezeni mlizungumzaje na wazee wa aina hiyo.