Herufi zisizotamkwa: zipi zina kazi?

Aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili huanza Kifaransa akiamini kwamba kila herufi ina sauti yake. Imani hiyo ingemfaa kwa Kifini au Kiserbia. Akikutana na oiseau, yaani ndege, inavunjika: neno hilo hutamkwa karibu sawa na neno letu "wazo".

Wengi huhukumu hapohapo kwamba Wafaransa wanaandika ovyo. Hukumu hiyo inachanganya kusoma na kuandika. Kwa msomaji, kanuni zipo: oi ni "wa" karibu daima, s katikati ya irabu ni z, na eau ni o. Anayezijua mara nyingi atatamka sawasawa hata neno asilowahi kuliona. Mwandishi ndiye anayeteseka. Akisikia "o" mwishoni mwa neno, hajui kama aandike "o", "ot", "au", "aut", "eau" au "eaux". Hata Kihispania, kinachosifiwa kwa unyoofu, kina udhaifu huo kwa kiasi kidogo: vaca (ng'ombe) na baca (kichanja cha mizigo juu ya gari) hutamkwa sawa. Kiingereza kimeharibika pande zote mbili. Linganisha though, through, cough na rough. William Caxton alileta uchapaji Uingereza mwaka 1476, na tahajia ikaanza kuganda wakati matamshi ya irabu ndefu yalikuwa bado yanabadilika.

Wanaodai tuandike tunavyosema, kama mtaalamu wa lugha Vuk Karadžić alivyowafanyia Waserbia katika kamusi yake ya 1818, wana hoja nzito, nayo ni mtoto. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa mwaka 2003 ulipima usomaji wa maneno ya kawaida karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule. Watoto wa Finland walisoma sawasawa asilimia 98, wa Ufaransa 79, wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, 34. Waskoti huanza shule mapema, wakiwa na miaka mitano, lakini umri peke yake hauelezi pengo kubwa kiasi hicho.

Hata hivyo, kuandika kwa sikio tu kuna gharama yake. Kijerumani huandika Hund (mbwa) kwa d ingawa inasikika t, kwa sababu kwenye wingi, Hunde, d inarudi. Kifaransa huandika grand kwa d isiyosikika, nayo husikika katika grande. Mfano ulio wazi zaidi uko mashariki. Warusi huandika moloko (maziwa) lakini o zisizo na mkazo huzitamka kama a. Wabelarusi wanaandika wanavyosikia: malako. Ikija sifa, "-a maziwa", Mrusi anaandika molochny na shina linabaki na sura yake. Mbelarusi anaandika malochny, na irabu ya pili imegeuka. Sisi pia tumefuata njia ya Wabelarusi: tunaandika ulimi na ndimi, japo shina ni moja.

Kwa hiyo herufi bubu isifutwe kabla ya kutafuta ndugu zake. Ikisikika katika neno la ukoo, ina kazi, na mimi ningeiacha. Herufi ya d katika poids (uzito) haina ndugu. Iliongezwa na wasomi waliodhani neno linatoka kwenye Kilatini pondus, kumbe ni pensum. Na s ya island ya Kiingereza ilipenya kwa kufananishwa na isle, neno la asili nyingine. Hizo zinambebesha mtoto mzigo bure. Wafaransa walijaribu kurekebisha tahajia yao mwaka 1990, wakaruhusu ognon badala ya oignon (kitunguu), na hivyo kuondoa i inayompotosha msomaji. Mwaka 2016 vitabu vya shule vilipoanza kufuata mabadiliko hayo, mabishano yalilipuka upya.

Mageuzi nayo huweza kukosea, na Kireno kinaonyesha jinsi. Mkataba wa tahajia wa 1990 uliondoa konsonanti zisizotamkwa ili Ureno na Brazil ziandike sawa. Zamani nchi zote mbili ziliandika recepção (mapokezi). Ureno p haitamkwi, lakini ilimdokezea msomaji kwamba e iliyotangulia hutamkwa wazi, isimezwe. Sasa huko wanaandika receção, na dokezo limepotea. Brazil p hutamkwa, kwa hiyo wamebaki na recepção. Neno lililoandikwa namna moja sasa lina tahajia mbili.