Mshenga Mwenye Antena

Kipandauso changu hakina adabu, kinapenda siku za shughuli. Safari hii kikaniangukia wiki ile ile niliyoteuliwa kuwa mshenga wa mpwa wangu, aliyempenda binti wa Kigogo kwao upande wa Bahi. Ukoo mzima ulinitegemea mimi nikapunguze ng'ombe. Sasa mtu utapunguza vipi ng'ombe wakati mwanga wa dirishani tu unakufanya utapike?

Vidonge nilishameza mpaka tumbo likagoma. Jirani yangu wa Area C, hapa Dodoma mjini, akasema, "Nenda kwa yule daktari wa sindano." Nikadhani ni zile za makalio, kumbe akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano mwilini. Sindano zenyewe hazina tundu wala haziingizi dawa yoyote. Ni kijiwaya cha unene wa robo milimita hivi, na kimpini chekundu juu.

Daktari mwenyewe kijana wetu tu, ujuzi ameuchota kwa Wachina. Si ajabu, madaktari wa China wanakuja kwa zamu Tanzania Bara tangu 1968. Akanieleza kwamba sindano inaamsha neva, neva zinapeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo, na mwili unaachia dawa zake wenyewe za maumivu, zinaitwa endofini.

"Na ukikosea ukachoma pembeni?" nikamuuliza. Mimi ni mbishi hata nikiumwa.

Akacheka. Akasema Wajerumani walitoa utafiti 2007, wagonjwa wa mgongo zaidi ya 1,100. Waliochomwa kwenye pointi zenyewe, yaani pale Wachina wanapoelekeza, karibu nusu walipata nafuu. Waliochomwa juujuu, pasipo pointi, nao wakawakaribia kabisa. Makundi yote mawili yakawaacha mbali waliotibiwa kwa dawa na mazoezi ya kawaida.

"Kwa hiyo shabaha si hoja?"

"Wanabishana mpaka leo, mzee. Wasichobishania ni usafi na hesabu. Zilizoingia ndizo zitoke."

Hilo la hesabu liweke akilini, tutalihitaji.

Akaniambia pia kwamba kipandauso hakitibiwi kwa siku moja. Uingereza mwongozo wao unataja mpaka vipindi 10 ndani ya wiki 5 hadi 8, tena kwa kukizuia kisirudi. Nikamjibu kwamba mimi nina ng'ombe saa nane mchana, aanze tu.

Nikalala kitandani. Moja kati ya kidole gumba na cha shahada, nyingine kisogoni, nyingine miguuni, na moja utosini, katikati ya nywele ambazo mke wangu alikuwa amenisihi nikazinyoe. Maumivu? Kidogo mno. Mkono ukawa mzito, ukajaa ganzi, na daktari akafurahi kusikia hivyo. Nikapitiwa na usingizi mtamu sijaupata tangu Jumapili.

Umeme ukakatika.

Chumba chenyewe pazia zito, giza tupu. Daktari akaja na simu kaibana mdomoni inamulika, anang'oa sindano huku anahesabu kwa pua. Mlangoni mhudumu anamuuliza funguo ya jenereta iko wapi. "Mwe... nane... kwenye droo!... tisa. Tayari mzee, inuka polepole." Nikavaa pama langu, nikalipa, nikakimbilia Noah iliyokuwa inanisubiri na wazee wenzangu.

Njiani kichwa kimya kabisa, nasema kweli. Ila pama lilikuwa linanichomachoma utosini kila tukipita shimo. Nikalilaumu jasho.

Tukafika. Hodi, karibuni, "mbukwenyi" kwa wazee, na mimi kwa heshima nikavua kofia, nikainamisha kichwa kumsalimia baba wa binti. Nilipoinua uso, yule mzee hakuwa ananitazama machoni. Alikuwa anatazama juu yangu kidogo. Nikageuka nione kuna nini nyuma. Ukuta.

Nikaanza hotuba. Nimeijenga wiki nzima: tumeona ua bustanini kwenu, na kadhalika. Kila nikitikisa kichwa kusisitiza jambo, upande wa pili wote macho yanakwenda kushoto, yanarudi kulia. Mtoto mmoja mlangoni akamaliza mchezo.

"Babu, yule ana antena."

Nikapeleka mkono utosini. Nikakuta kimpini, kimelala upande, imara.

Shangazi wa binti akasimama. Mama wa haja, kitenge amekifunga cha kazi. "Nilisema mimi! Huyu kaja na ndumba. Amechomeka kitu utosini ili tufungike midomo, ng'ombe ziwe mbili!" Wazee wangu, mashujaa wale tuliokula nao chapati njiani, wakasogeza viti mbali nami.

"Ni matibabu," nikasema.

"Ya utosini? Siku ya mahari?"

Nikataka kuing'oa, wakapiga kelele nisiiguse ndani ya nyumba. Nikiiacha, mchawi, nikiitoa, mchawi anayeficha ushahidi. Nikampigia daktari, nikaweka sauti ya nje.

"Mzee!" akadakia mara tu alipoitambua sauti yangu. "Afadhali umepiga, namba yako sina. Kuna sindano moja naitafuta chini ya kitanda tangu asubuhi."

Kule ndani kicheko kilichopigwa nadhani Kigwe walikisikia. Daktari akanielekeza: ivute taratibu kwa mwelekeo ilivyolala, bana pamba safi kidogo, usiitupe ovyo, tia kwenye chupa yenye kifuniko uniletee. Ikatoka bila hata tone la damu. Shangazi akaishika chupa kwa ncha za vidole, akaitazama juani, akaikabidhi kwa mzee.

Mzee naye akaitazama muda mrefu. Kisha akachukua simu yangu. "Daktari, shikamoo yako nimeipokea. Na goti, mnachoma? Hili la kulia, nikiinuka linalia."

Wakaongea dakika nzima salio langu likiisha. Daktari akamwambia magoti wanayaona, lakini aje kwanza apimwe, asije tu kuchomwa kwa sababu ya mshenga.

Nikadhani tumepona. Shangazi akarudi kwenye agenda: kuingia kwenye posa na chuma kichwani ni kosa, dawa au si dawa, na faini yake mbuzi. Nikajitetea kwamba chuma si changu.

"Ni cha nani?"

Nikaonyesha simu.

Akainama juu yake. "Wewe daktari ndiye mwenye sindano? Haya, mbuzi ni wako. Jike, na asiwe amekonda."

Simu ikakatika. Mpaka leo anasema ulikuwa mtandao.