Mtoto wa kituo cha kulelea watoto anasoma hisia kwenye sura za watu, au hasomi?

Ukitaja mtoto aliyekosa malezi watu wanawaza viboko, kumbe kuna ile ya kimyakimya, mtoto analishwa, anabadilishwa nepi, basi, hakuna wa kumchekea. Romania ndo mfano wenyewe, mtawala wake Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba 1966, na alipoangushwa Desemba 1989 vituo vilikuwa vimefurika watoto, zaidi ya laki moja. Wageni walioingia walishtushwa na ukimya, chumba kimejaa vitanda vya watoto wachanga na hakuna anayelia, si walishajua ukilia haji mtu.

Sasa kuna wanaosema watoto hao hisia za watu hawazielewi, na wana pointi. Hasira utaijuaje kama hujawahi kumwaga uji ukaona sura ya mama inavyobadilika, halafu kesho ukamwaga tena kumjaribu? Mwanasaikolojia Seth Pollak na mwenzake Marekani, 2004, waliwapima watoto walioasiliwa kutoka vituo vya Ulaya Mashariki, wakawapa visa vifupi wachague sura inayofaa. Furaha, huzuni na woga viliwasumbua, ila hasira waliipata sawa na watoto wengine. Hapo nilikaa kimya kidogo. Mi nahisi hasira ndo sura pekee waliyoonyeshwa ya kutosha, ingawa hilo ni langu.

Upande wa pili una utafiti wa Bucharest, mji mkuu wa Romania. Watafiti kina Charles Nelson walichukua watoto 136 wa vituoni wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea, na walipowapima wangali wadogo kutofautisha picha za sura, wa kituoni hawakuachwa mbali na wa nyumbani, japo vipimo vya umeme wa ubongo vilitofautiana.

Kwangu hawa wanabishana juu ya vitu viwili. Kuona picha hii inacheka na ile imenuna ni macho tu, ila kujua kwa nini mwenzako wa chekechea kanyamaza ghafla ni kitu unachofundishwa na mtu aliyekaa na wewe, na hicho ndo kilikosekana.

Kinachonikera ni ile hesabu ya miaka 2, eti mtoto atolewe kituoni kabla ya umri huo. Ni kweli waliotolewa mapema walishikamana na walezi vizuri zaidi, na Romania ikatunga sheria 2004 kuzuia walio chini ya umri huo wasiwekwe vituoni, safi kabisa. Ila sasa mzazi aliyeasili mtoto wa miaka 4 anasoma hiyo namba anaona kachelewa, anaacha hata kumwambia mtoto "leo mama amechoka, ndo maana uso uko hivi".