"Ndugu wa Mgonjwa, Tokeni Nje"

Kama umewahi kuuguza hospitali za kwetu Tanzania, sauti hiyo unaijua. Daktari anapita raundi, ndugu tokeni nje. Mwaka juzi mama alipopigwa na kiharusi, dada yangu mkubwa aliisikia kila asubuhi kwa siku kumi na moja. Usiku analala chini kwenye mkeka, maana zamu ya usiku muuguzi ni mmoja na wodi imejaa. Yeye ndiye anayembadilisha mama, anayemnywesha uji, anayejua kapaliwa mara ngapi. Ikifika saa tatu, wakati wa kuulizwa mgonjwa kaamkaje, anatolewa koridoni na hotipoti lake mkononi. Mama mdomo umepinda, hatamki neno. Sasa daktari anamuuliza nani?

Ila kikipatikana cha kulipia, ndugu anajulikana ghafla. "Ndugu wa bibi wa kitanda cha nne yuko wapi?" Anapewa karatasi akatafute dawa duka la nje.

Mimi niko Leicester, Uingereza, mwaka wa tisa huu, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Wiki ya kwanza kazini tulifundishwa kwamba asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa chache, na usimburute, ngozi itachubuka. Aliyepata kiharusi usimpe chai akiwa amelala. Akae wima, kwa sababu kitu chepesi kinaweza kumwendea njia ya hewa. Nalipwa kwa kuyajua haya. Dada yangu anayafanya bure na hakuambiwa hata moja. Siku ya kuruhusiwa alipewa vifuko vitatu vya dawa vilivyoandikwa 1x1 na 1x2, na tarehe ya kliniki. Dawa za presha zilipoisha akajua dozi imekwisha, kama ile ya malaria. Ungemlaumu?

Kidonda kilipoanza juu kidogo ya makalio, nilikiona mimi, kwenye simu ya video. Jumapili ile nikalaza mto kitandani kwangu, nikamwonyesha: kanga kuukuu mbili, zile zilizokwisha kulainika, zikunjwe zipite chini ya mgongo na nyonga. Yeye upande huu, jirani upande ule, magoti yakunjwe kidogo, hesabu tatu, inua, usivute. Mara ya kwanza walicheka mpaka mama naye akatabasamu upande mmoja.

Huku si peponi, nisiwadanganye. Tangu sheria ya mwaka 2014, England mtu anayemtunza mzazi wake ana haki ya kufanyiwa tathmini na halmashauri kuhusu hali yake yeye: anapata usingizi? Ana kazi? Anaweza na anataka kuendelea? Swali hilo la mwisho sijawahi kusikia dada yangu akiulizwa na mtu yeyote, nami nikiwemo. Lakini posho ya serikali kwa anayetunza, kuanzia Aprili 2025, ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki, nawe uwe unatunza angalau saa 35. Gawanya uone: haifiki pauni mbili na nusu kwa saa.

Halafu kuna hili. Mwaka huohuo wa 2014, mwandishi Nicci Gerrard na rafiki yake Julia Jones walianzisha kampeni baada ya John, baba yake Nicci, aliyekuwa na ugonjwa wa kusahau, kulazwa wiki tano huku familia ikiwekewa mipaka ya kumwona. Alitoka amekongoroka kabisa. Walichodai ni ndugu aruhusiwe kukaa na mgonjwa wake. Yaani walikuwa wanaupigania mkeka wa dada yangu!

Sisi mkeka tunao. Dirisha la wazee tunalo, na mabango ya kumpisha mzee. Kinachokosekana ni dakika kumi za mtu kumkalisha huyu anayeuguza, amfundishe, amsikilize raundi inapopita. Kwenye faili la mama jina la dada limeandikwa mara moja tu, pale pa ndugu wa karibu, pamoja na namba ya simu.

Na sisi wa huku tupunguze kutamba kwamba "sisi hatuwatupi wazee wetu". Sisi nani? Aliyefunga biashara yake ya mama ntilie ni dada. Mimi natuma hela na mashine ya presha, nalala usingizi wangu.

Mashine ile ilipofika nilimwambia anunue daftari, aandike vipimo asubuhi na jioni, na mama kala nini, kapaliwa lini. Mwezi uliopita aliyempeleka mama kliniki ndani ni mpwa wangu, kwa kuwa ndiye mwenye nguvu za kusukuma kiti. Daktari akafunua daftari, akasoma kurasa tatu bila kusema kitu, akauliza nani anaandika haya. Dada alikuwa nje kwenye benchi. Wakamwita.