Bampa: kupuliza rangi nyumbani au kumpelekea fundi?

Wanaopinga kupuliza bampa nyumbani huanza na kompresa na chumba cha rangi, kwamba huna vyote viwili. Wanaanzia pasipofaa. Rangi ya bampa inapobanduka kama maganda ya kitunguu baada ya miezi sita, mara nyingi kosa halikuwa kwenye kupuliza. Lilikuwa chini, kwenye plastiki yenyewe.

Mabampa mengi ni ya polipropilini iliyochanganywa na mpira ili yanyumbuke. Plastiki hiyo haishiki rangi; rangi hukaa juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Kwa hiyo palipokwaruzika hadi plastiki tupu ikaonekana panahitaji praima (koti la kwanza la kushikisha rangi) maalumu ya plastiki, koti moja jepesi lisilopigwa msasa, na juu yake, ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, praima ya kujaza. Kabla ya yote hayo, osha kwa sabuni ya vyombo, kausha, futa kwa dawa ya kuondoa grisi, ndipo ushike msasa. Ukitanguliza msasa, unaisukuma silikoni ya dawa ya kung'arisha matairi ndani ya mikwaruzo, na rangi itakuja kufunguka vishimo vya duara. Thina kali nayo iache: plastiki huinywa, kisha huitoa polepole chini ya rangi mpya. Anza na msasa namba 180 kwenye mikwaruzo, 320 kulainisha kingo, kisha 800 wa maji juu ya praima iliyokauka. Puti, ile ya kuzibia mashimo, iwe ya plastiki, inayonyumbuka. Ile ya bati hupasuka bampa likiguswa kidogo tu.

Hapa ndipo nyumbani panashinda gereji nyingi za mtaani. Hatua hizi hazidai mashine, zinadai saa nyingi, na fundi anayelipwa kwa kipande hana saa hizo. Ukimwona anapuliza rangi moja kwa moja juu ya plastiki tupu, usitarajie idumu.

Upande wa pili, wa kumpelekea fundi, una nguvu zaidi kwenye rangi yenyewe. Kwa magari ya Toyota kutoka Japani, namba ya rangi iko kwenye kibati kilicho chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, palipoandikwa C/TR. Nyeupe ya 040 ni rangi tupu, isiyo na chembe za kung'aa. Mtu makini anaiweza kwa makopo ya kupuliza ya mililita 400: mawili ya rangi, moja au mawili ya praima, mawili ya klia, yaani koti angavu la juu, kwa bampa zima. Nyeupe ya 070 ni jambo jingine. Hiyo ni lulu ya tabaka tatu, na koti moja la lulu likizidi, bampa na fenda havilingani tena. Fedha ya metaliki iko katikati: ukipuliza mbichi mno, chembe huzama na rangi huwa nyeusi zaidi, ukipuliza kavu, hupauka.

Hali ya hewa ya pwani nayo ina lake. Hewa yenye unyevu mwingi huacha ukungu mweupe kwenye rangi. Jua la mchana hukausha ngozi ya juu huku thina ikiwa bado ndani, na vipovu vikatokea. Saa tatu hadi saa tano asubuhi ndiyo nafuu, umande umekauka na upepo wa bahari haujashika kasi.

Kinachotutia hofu hasa ni klia. Ile ya kopo la kawaida hukauka tu, haigandi, na petroli ikidondoka huilainisha. Ile yenye hadena, dawa ya kuigandisha, ndiyo inayodumu, lakini hadena hiyo ina kemikali ya isosayaneti, inayoweza kumletea mtu pumu ya maisha. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Inahitajika yenye vichujio vya mvuke, pamoja na miwani na glavu. Katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na watoto wanaocheza, jibu letu ni hapana.

Gari lenye rada nyuma ya bampa pia lisiguswe nyumbani, kwa kuwa puti au rangi nene mbele yake huipotosha.

Kwa wengi tunaona njia ya kati inafaa zaidi: ng'oa bampa, liandae mwenyewe hadi namba 800, umlipe fundi rangi na klia tu. Mafundi wengine hukataa kudhamini maandalizi ya mtu mwingine, na wana haki, kubalianeni kabla. Beba na kifuniko cha nje cha tangi la mafuta, kile chenye rangi ya gari, maana jua limeshapausha gari na namba peke yake haitatosha kulinganisha. Mwombe alitundike bampa kama linavyokaa kwenye gari. Likipulizwa limelazwa, chembe za metaliki hulala vingine, na tofauti utaiona bampa likishafungwa.