Spider-Man wa Orlando na Jogoo wa Ngamiani

Kabla ya kuja Florida nilikuwa mchora mabango mjini Tanga. Sasa ni mwaka wa kumi na mbili naendesha basi dogo linalowatoa wageni hotelini na kuwapeleka kwenye bustani za burudani za Orlando, kazi isiyohitaji brashi wala rangi, na bado kila asubuhi ninapowashusha watu kwenye lango la Universal, nikiona watoto wanakimbilia ndani na barakoa za Spider-Man usoni, mawazo yangu yanarudi Ngamiani, kule Tanga.

Julai iliyopita mpwa wangu anayesoma Houston alikuja kunitembelea kwa wiki moja. Siku ya kwanza nilimpeleka Islands of Adventure, bustani ya Universal iliyofunguliwa mwaka 1999, ambako Spider-Man ana jumba lake na Hulk ana treni ya kijani inayowarusha abiria juu kabla hawajamaliza kumeza mate. Siku ya pili tulikwenda EPCOT, bustani ya Disney, ambayo ni mwendo wa kama dakika ishirini ikiwa barabara ya I-4 haina foleni. Huko tuliwakuta Guardians of the Galaxy, mashujaa wa kampuni ya Marvel kama walivyo Spider-Man na Hulk, wenye treni yao tangu mwaka 2022. Tukiwa kwenye foleni kijana alinigeukia akasema, "Mjomba, si Disney ndio wenye Marvel? Mbona Spider-Man wamemwacha kwa jirani?"

Ni swali ambalo abiria wangu huniuliza karibu kila wiki, na jibu lake limo katika karatasi iliyotiwa saini Machi 1994. Wakati huo bustani za Universal zilikuwa chini ya kampuni ya MCA, na Marvel ilikuwa kampuni ya kuchapisha vitabu vya katuni ambayo mambo yake yalikuwa karibu kuharibika. Ilipofika Desemba 1996 ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. MCA ilipata haki ya kuwatumia mashujaa hao katika bustani zake, na haki hiyo haikuwekewa mwaka wa mwisho huko Orlando, mradi Universal itimize masharti, likiwemo lile la kuitunza sehemu hiyo kwa kiwango cha juu. Mwaka 2009 Disney ilitangaza kuinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4. Iliinunua pamoja na ahadi zake zote, kama mtu anayenunua nyumba na kumkuta mpangaji ndani, mpangaji ambaye analipa kodi yake, anapaka rangi kuta kila zinapochakaa, na hana sababu yoyote ya kuhama.

Kilichomshangaza zaidi mpwa wangu ni mpaka wenyewe, kwa kuwa mkataba uliigawa Marekani kwa mto Mississippi. Mashariki ya mto, shujaa akishatumiwa na Universal, yeye na ukoo wake mzima hawaruhusiwi kuonekana katika bustani ya mwingine, na ndiyo maana Disney haiwezi kuwajengea Avengers au X-Men, makundi mengine ya mashujaa wa Marvel, jumba lao hapa Orlando. Guardians walipenya kwa sababu hawakuwa miongoni mwa waliochukuliwa. Magharibi ya mto mambo ni mengine. Mwaka 2021 Disney ilifungua Avengers Campus katika bustani yake ya California, na Spider-Man yumo, ila jina la Marvel halikuwekwa katika jina la eneo hilo, kwa kuwa karatasi ileile inalizuia hata huko. "Kwa hiyo mimi nikiwa Houston," kijana akasema huku anacheka, "naishi upande wa halali."

Wenzetu wengi walioko Ghuba wanaushuhudia ushindani wa namna hii kwa macho yao. Dubai ilifungua IMG Worlds of Adventure mwaka 2016 ikiwa na sehemu ya Marvel, Abu Dhabi ikajibu mwaka 2018 kwa kuwaleta Batman na Superman, mashujaa wa wapinzani wa Marvel, katika Warner Bros. World kwenye kisiwa cha Yas, kisha mwaka 2025 Disney nayo ikatangaza kwamba bustani yake itajengwa kisiwani humohumo.

Sasa nirudi nyumbani. Nimemchora Spider-Man nyuma ya Hiace na kwenye kuta za vinyozi mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuhesabu, bei ikitegemea ukubwa wa ukuta na kama mteja ameleta rangi yake mwenyewe. Nilianza siku zote na macho, maana ukikosea yale macho meupe unapata chura aliyevaa fulana nyekundu, kisha nikazichora nyuzi kwa brashi ya nywele chache niliyoipunguza kwa wembe. Hakuna konda wala kinyozi aliyewahi kuniuliza Spider-Man ni wa nani. Katika makundi ya Watanzania wa huku nimesoma lawama nyingi kwamba sisi kwetu ni wezi wa kazi za watu, na ushahidi unaotolewa ni hizo Hiace na mabegi ya shule ya Kariakoo. Siwezi kukana kwamba kisheria wana hoja, lakini lawama hiyo naiona imeelekezwa pasipostahili. Picha yangu ya ukutani haikumpunguzia mtu yeyote safari ya kuja Orlando, ambako tiketi ya siku moja inazidi dola 100.

Hasara ninayoijua mimi ilitokea upande mwingine. Mwaka 2006 mwenye bekari moja mjini kwetu aliniomba nimbunie kitu cha kuweka kwenye bango. Nilikaa siku tatu na daftari, nikapata jogoo aliyevaa kanzu na kofia ya kiua, kifua mbele, ameshika boflo chini ya bawa kama mzee anayetoka msikitini alfajiri. Nilipewa shilingi 40,000 na mikate miwili. Baada ya miaka miwili jogoo yule alikuwa kwenye mifuko ya mikate, kwenye milango ya magari ya kusambaza na kwenye fulana za timu ya mpira. Nilipokwenda kuuliza, yule bwana alinijibu kwa upole kabisa: "Fundi, si nilikulipa?" Sikuwa na la kumwambia, kwa sababu hatukuwa tumeandikiana chochote, hatukusema ni bango moja au ni kila mahali, ni mwaka mmoja au ni milele.

Sheria ilikuwapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ilitungwa mwaka 1999, mwaka uleule Spider-Man alipofunguliwa jumba lake hapa, na COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki, imeanzishwa kwa sheria hiyo. Kilichokosekana ni mazoea. Kwetu kumtolea mtu karatasi kabla ya kazi kunaonekana ni kumshuku, na mimi mwenyewe ningeona haya kumwekea mzee yule fomu mbele yake.

Hata hivyo sitaki kuipamba Marekani kuliko inavyostahili. Karatasi ya 1994 iliandikwa kati ya kampuni na kampuni, na waliowachora mashujaa wenyewe hawamo. Jack Kirby, aliyeshiriki kumbuni Hulk, alifariki mwaka 1994, na watoto wake walishindana na Marvel mahakamani hadi wakapatana mwaka 2014. Warithi wa Steve Ditko, mchoraji wa kwanza wa Spider-Man, walipatana nayo mwaka 2023. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba huku mchoraji analindwa, namjibu kwamba analindwa yule ambaye jina lake limo kwenye karatasi, na mara nyingi huwa si yule aliyeshika brashi. Universal hailindwi kwa kuwa inampenda Spider-Man zaidi ya Disney. Inalindwa kwa kuwa iliwahi, ikaandika mahali, matumizi na masharti, na mnunuzi tajiri alipokuja miaka kumi na tano baadaye hakuwa na nafasi ya kusema, "Si nililipa?"

Nilipomsimulia mpwa wangu habari ya jogoo, alicheka kwanza, kisha akatafuta kwenye simu yake picha aliyotumiwa na mama yake wakati wa Idi. Mezani kulikuwa na mfuko wa mikate, na juu yake jogoo wangu, kofia ileile, kifua kilekile, ila sasa wamemvisha miwani ya jua. Usiku huo nilimpigia dada. Ameniambia daftari lenye mchoro wa kwanza bado liko kwenye sanduku la marehemu mama, na kwamba pembeni nimeandika tarehe kwa kalamu nyekundu. Nimemwomba asimpe mtu yeyote, na funguo akae nazo yeye.